Ded Hiti ya Chumba cha Pasi

Siku tulipomzika shangazi, mzee mmoja alisimama kando ya kaburi, akakohoa, akasema marehemu alikuwa mchapakazi aliyependa mashindano. "Meza yake na meza ya mwenzake," akasema huku akitabasamu, "zilikuwa ded hiti siku zote." Watu wachache walicheka kwa adabu, maana msibani mtu hucheka hata asichokielewa. Mimi nilimwomba Mungu aniondolee chuki mbele ya jeneza la mama yangu mlezi. Bado naomba. Lakini kuomba si kunyamaza, na wengi waliokuwepo pale hawajui mzee yule alikuwa anasema nini. Basi nawaeleza.

Shangazi alikuwa dada wa baba. Wazazi wangu walipofariki alinichukua nikiwa sijajua hata kufunga vifungo vya gauni, akanilea katika chumba kimoja chenye pazia katikati, upande huu kitanda, upande ule jiko na vyombo. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Ninaye mmoja, lakini anakula kama watatu."

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika kiwanda cha udobi. Nilikwenda huko mara nyingi kumpelekea chakula, na mpaka leo nikifumba macho nakisikia puani. Kilifua mashuka ya hoteli na ya hospitali chini ya paa moja. Ya hospitali yaliletwa katika magunia yaliyofungwa fundo, na aliyefungua fundo aligeuza uso kwanza. Damu iliyokauka, usaha, vitu ambavyo mtu mgonjwa hawezi kuvizuia. Maji ya kuyasuuza yalipita katika mfereji wazi uliokata chumba cha pasi katikati, kwa sababu aliyejenga jumba lile hakutegemea kukaa ndani yake. Kando ya mfereji huo wanawake walikula. Mende walinenepa kwa wanga wa kunyooshea nguo, wakawa hawakimbii hata ukikanyaga karibu nao. Shangazi akirudi nyumbani alijisugua mikono kwa limau mpaka ikawaka, lakini klorini haikutoka. Alipoikanda ngano, mkate ulinuka klorini. Tuliula.

Mkubwa wa chumba cha pasi alikuwa mnyapara mmoja aliyevaa filimbi shingoni, wakamwita Bwana Filimbi. Alikuwa na njiti moja ya meno. Alichokoa nayo, akaitazama, akaipachika nyuma ya sikio, na baada ya muda akairudisha mdomoni. Shangazi alikuwa akinisimulia hayo nikiwa nakula, kwa makusudi, ili aone kama nitaacha chakula. "Naona leo kitabaki," alisema. Hakikubaki.

Jumapili hoteli zilileta mzigo mkubwa, kwa hiyo chumba cha pasi hakikupumzika Jumapili. Siku ya mapumziko ya shangazi ilikuwa Jumanne. Alikwenda kanisani Jumanne asubuhi, akamkuta mfagiaji.

"Shangazi, Jumanne kuna ibada gani?" nilimuuliza nikiwa mdogo.

"Ibada ya mimi na mwenye ufagio. Nikipiga magoti ananiambia, dada, sogea nipitishe hapo. Nasogea. Naendelea na zaburi."

Alicheka, lakini ilimuuma. Alikuwa na sauti nzuri, na mtu mwenye sauti nzuri hatoshwi na kanisa tupu.

Katika chumba kile kulikuwa na meza mbili, na kila meza ilikuwa na wanawake wawili. Walilinyoosha shuka kwa pasi ya mvuke, kisha wakalishika kila mmoja pembe mbili, wakaja kukutana katikati kama watu wanaosalimiana, wakaachana, wakakutana tena, shuka likawa limekunjwa. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu peke yako litagusa sakafu, na likigusa sakafu ile linarudi kufuliwa upya. Kwa hiyo wanawake wa pale walikuwa na desturi yao ambayo hawakuandikiwa na mtu yeyote. Ukimwona mwenzako ameachwa na shuka mkononi, unaacha ulichoshika, unakwenda kushika pembe za upande wa pili. Hata kama mmenuniana. Hata kama jana alikusema.

Na walisemana kweli. Meza ya kwanza ilikuwa ya shangazi na mwenzake waliyemwita Mrefu. Meza ya pili ilikuwa ya Mama Mvuke na wifi yake, mke wa kaka yake. Mama Mvuke alipewa jina hilo kwa sababu mvuke ulitoka mezani kwake na mdomoni kwake kwa pamoja.

"Jamani, hiyo ndiyo kukunja?" alipaza sauti. "Au mnapepeta karanga?"

"Sisi tunapepeta, ninyi mnatwanga," shangazi alijibu. "Nimeona shuka lenu moja hapa, nikadhani limetafunwa na mbuzi."

"Mbuzi ana meno ya chini tu. Wewe una meno yote na bado huwezi kunyoosha pindo."

Bwana Filimbi alilisikia hilo, akaona faida. Akatangaza mashindano. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, toroli mbili zingejazwa mashuka sawasawa, na meza itakayomaliza kwanza ingepewa Jumapili ya kesho yake kupumzika. Filimbi ikalia, wanawake wakajitupa kazini kama wanaokimbia moto. Hakuna aliyekwenda kunywa maji. Hakuna aliyekwenda chooni. Mvuke uliwachoma mikono, wakatia mate mahali palipoungua wakaendelea. Walipofika mwisho, Bwana Filimbi alitazama dari, akapuliza, akasema, "Ded hiti!"

Mwezi uliofuata, ded hiti. Na mwingine, ded hiti. Shuka la mwisho la meza ya kwanza lingewekwa rafuni, la meza ya pili likiwa bado lina moto wa pasi, naye angesema ded hiti. Kesho yake, Jumapili, meza zote mbili zilikuwa kazini, na mzigo wa Jumatatu ulikuwa umepungua kwa mbio za Jumamosi.

Shangazi hakujua Kiingereza. Alilichukua neno lile kuwa sifa. Alirudi nyumbani miguu imevimba kama mito, akaiweka kwenye beseni, akasema kwa furaha, "Ded hiti tena, mwanangu! Mnyapara anasema hajapata kuona meza mbili kama zetu." Kilemba cha ukoka, naye alikivaa akajitazama kwenye kioo. Neno lile likawa letu nyumbani. Sufuria mbili zikichemka pamoja, ded hiti. Jirani na mkewe wakikoroma nyuma ya ukuta, shangazi alinyanyua kidole, akasikiliza kama mwamuzi, akanong'ona, "Leo mke anaongoza. Hapana, ngoja. Ded hiti."

Nilipokuwa kidato cha pili nilimuuliza mwalimu wa Kiingereza. Alifurahi kuulizwa. Alisema ni neno la mbio. Wakimbiaji wawili wakigusa mstari kwa pamoja, hata macho ya waamuzi yasiweze kuwatenganisha, hiyo ndiyo ded hiti. Wote wawili ni wa kwanza. Zawadi ni ya wote wawili, na anayewafuata huitwa wa tatu, kwa kuwa wa pili hayupo. Alisema "hiti" hapo si joto, ni raundi ya mbio. Zamani farasi walikimbia raundi kadhaa, na raundi iliyokwisha kwa kulingana ilihesabiwa kuwa imekufa, wakairudia. Siku hizi hairudiwi, washindi wanakuwa wawili. Na watu wanalitumia hata nje ya mbio, katika kura au mashindano yoyote, mradi wawili wamefika sawa. Lakini lazima wawe wamefika sawa, alisema. Mmoja akitangulia hata kwa pua, si ded hiti tena.

Nilikimbia nyumbani. "Shangazi! Mmeshinda! Siku zote mmeshinda wote!"

Alikuwa anakoroga uji. Nilipomaliza kumweleza, mwiko ulisimama. Uji ukaanza kuungua. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi na Mama Mvuke tulikuwa tukanywe chai nyumbani Jumapili zote zile."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na yeye alijua?"

"Ni neno lake. Atakosaje kulijua?"

Akautoa uji motoni. "Mdomo ule," alisema. "Na ile njiti yake."

Jumatatu alimwendea mnyapara akiwa na Mrefu na Mama Mvuke. Mama Mvuke ndiye aliyenisimulia haya, juzi matangani, akiwa ameketi mkekani na macho mekundu. Shangazi alisema kwa heshima kwamba wamesikia maana ya ded hiti ni washindi wawili, basi wanaomba Jumapili zao, hata kwa zamu. Bwana Filimbi alitoa njiti mdomoni.

"Nani kawaambia?"

"Mtoto wangu anasoma sekondari."

"Mwambie mtoto wako asome vizuri. Ded ni kufa. Mashindano yamekufa, zawadi imekufa. Maiti haigawanywi." Akacheka kwa maneno yake mwenyewe. "Mnataka Jumapili? Shindeni. Meza moja ishinde, nami nitatoa. Mimi ni mtu wa kanisa, sisemi uongo."

Hilo la kanisa lilikuwa kweli. Alikuwa mzee wa kanisa letu, yule yule aliyesimama kando ya kaburi. Kila Jumapili aliketi benchi la mbele akiwa na suti ya kijivu, na ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka. Yeye Jumapili alipumzika.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza mafundisho ya kipaimara. Ibada ilipangwa Jumapili, kesho yake ya Jumamosi ya mashindano. Kwa utaratibu wa kanisa letu, kila mtoto husimama mbele na mdhamini wake, mzazi au mlezi, ambaye humwekea mkono begani wakati mchungaji anamwombea. Mimi sikuwa na mwingine duniani ila shangazi. Aliomba ruhusa mapema, akaambiwa mashindano yapo, ashinde aende. Alishona gauni langu jeupe kwa mkono, pamoja na kitambaa cheupe cha mabegani, jioni baada ya jioni, na sijawahi kumwona akitaka kitu chochote kama alivyoitaka Jumapili ile. Alikuwa ameanza hata kuimba nyimbo za ibada ya kipaimara akiwa anaosha vyombo. "Nitaimba sauti ya pili," aliniambia, "ili nisikuaibishe kwa kupiga kelele. Lakini sauti ya pili nitaiimba mpaka wa mbele wageuke."

Jioni moja Mama Mvuke alikuja nyumbani kwetu. Hakuwahi kuja. Alitazama pazia, akatazama jiko, akaketi bila kukaribishwa.

"Chumba chako kidogo, lakini kimenyooshwa kuliko mashuka yako," alisema.

"Karibu na wewe. Umekuja kunipasha?"

"Nimekuja kushindwa." Akanielekeza mimi kidevu. "Huyu atasimama na nani? Mimi Jumapili naipeleka wapi? Nyumbani kuna mwanamume anakoroma tu. Chukua. Mimi na wifi tutakwenda polepole, nusu toroli ibaki. Tuone huyo Filimbi ataitaja vipi ded hiti wakati toroli yangu imejaa."

Shangazi akamtazama mikono, akasema, "Utaweza? Wewe mikono yako ina wazimu."

"Nitaikalia."

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tuliomba pamoja kabla hajaondoka, naye akaomba kwa sauti kubwa, kwa maneno ambayo sijui kama yanafaa kumwambia Mungu kuhusu mnyapara.

Jumamosi filimbi ikalia. Mama Mvuke anasema haijapata kuwa ngumu hivyo katika maisha yake. Aliipitisha pasi kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Meza ya kwanza ilikuwa inawaka. Shangazi na Mrefu walikutana na kuachana, wakakutana na kuachana, na toroli yao ikaonyesha chini. Bwana Filimbi alianza kutazama huku na huku. Shangazi aliliweka shuka la mwisho rafuni, akanyanyua mkono juu kama ilivyotakiwa. Toroli ya pili ilikuwa na nusu nzima ya mashuka.

Kupuliza filimbi ni kazi ya pumzi moja tu. Yeye hakupuliza. Aliichukua njiti nyuma ya sikio, akaanza kuchokoa. Shangazi amesimama, mkono juu, jasho linamchuruzika kwenye kiwiko. Akachokoa jino moja, akaenda la pili.

Ndipo wifi wa Mama Mvuke alipoanguka. Hakuwa anaigiza. Tangu asubuhi alikuwa akilalamika kuwa moshi wa klorini unamkaba, na gunia moja la hospitali lilikuwa limepasuka mlangoni, uvundo wake umejaa chumba kizima. Alishika tumbo, akatapika mferejini, akakaa chini kando ya matapishi yake. Mama Mvuke akabaki na shuka kubwa jeupe mikononi, pembe mbili zinaning'inia, zinashuka, zimebakiza kidogo kugusa yale maji.

"Sikumwita," Mama Mvuke aliniambia. "Naapa mbele ya Mungu sikumwita. Mimi ningeliachia lianguke. Lakini nilipogeuka kumtazama wifi, nikahisi shuka limekuwa jepesi. Shangazi yako ameshika pembe za upande wa pili."

Hakufikiri, nadhani. Mikono yake ilikwenda. Miaka yote ile hakuna mwanamke aliyeachwa na shuka katika chumba kile, na mwili wake haukujua kwamba siku hiyo ilikuwa tofauti. Walikutana katikati mara moja. Na filimbi ikalia.

"Haya," Bwana Filimbi alisema. "Meza zote mbili, mikono kwenye shuka moja. Nimtangaze nani? Ded hiti."

"Toroli yangu imejaa!" Mama Mvuke alipiga kelele. "Njoo utazame ndani! Una macho au una vifungo?"

"Sitazami toroli. Natazama mikono." Akageuka kwa wifi aliyekuwa chini. "Na huyo apanguse hapo kabla hajaenda nyumbani. Kesho saa ya kawaida, meza zote."

Shangazi alimwambia, "Mzee, kesho mtoto anapata kipaimara. Wewe mwenyewe utakuwa pale."

"Nitakuwa pale," alijibu. "Ondoa wasiwasi."

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta. Iache ilivyo.

Usiku ule shangazi hakulia. Alilipiga pasi gauni langu, akanitundikia mlangoni, akaniambia nimweleze mchungaji kwamba mlezi wangu yuko kazini na kwamba moyo wake uko pale. Alipaswa kuamka alfajiri. Aliniombea kitandani, mkono wake begani kwangu. "Hivi ndivyo ningekushika," alisema. "Umeshashikwa. Kesho ni kuonyesha watu tu."

Jumapili tulipangwa mstari mbele ya madhabahu. Kila mwenzangu alikuwa na mtu nyuma yake. Mchungaji alipofika kwangu alitazama nyuma yangu, akaniuliza kwa upole mdhamini yuko wapi. Nilianza kusema maneno ya shangazi. Kabla sijamaliza, benchi la mbele lililia, na mzee mmoja mwenye suti ya kijivu akainuka.

"Mchungaji, nitamdhamini mimi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Shangazi yake ni mfanyakazi wangu. Ameshindwa kuja kwa ajili ya kazi. Tusimwache mtoto peke yake."

Kanisa likanong'ona kwa kumsifu. Mama mmoja alisema, "Mungu ambariki." Nikausikia mkono wake begani kwangu, juu ya kitambaa cheupe. Mkono laini, haujaungua mahali popote. Nilisikia harufu ya njiti.

Mchungaji alifungua kitabu. Nikasogea pembeni, mkono ukabaki hewani.

"Hapana, Mchungaji," nilisema. "Huyu, hapana."

"Binti, huwezi kuombewa bila mdhamini."

"Basi nitangoja."

Niliondoka kwa mlango wa kati, kanisa zima likinitazama, na watu wakasema nimelelewa bila adabu. Wengine wanasema hivyo mpaka leo. Nilikipata kipaimara mwaka uliofuata, katika kanisa jingine, mbali na kwetu, ambako ibada ya watoto ilifanyika Jumanne, na shangazi aliimba sauti ya pili mpaka wa mbele wakageuka.

Lakini siku ile nilikwenda moja kwa moja kiwandani, na gauni langu jeupe, nikapita kando ya magunia mpaka chumba cha pasi. Mama Mvuke alikuwa peke yake mezani kwake, wifi akiwa mgonjwa nyumbani. Shangazi aliniona, akaweka pasi chini.

"Mbona uko hapa? Nani alikushika?"

"Hakuna. Filimbi alitaka. Nikakataa."

"Alikugusa?"

"Begani. Kwenye kitambaa."

Hakunikumbatia, wala hakuniuliza kanisa lilisema nini. Alinivua kile kitambaa kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akaenda nacho kwenye pipa la mashuka ya hospitali, yale ya kuchemshwa, akakitumbukiza humo, akamimina klorini juu yake mpaka macho yetu yote yakatoka machozi. Kilipochemka vya kutosha alikisuuza, akakikamua, akakiweka chini ya pasi. Mvuke ukapanda. Mama Mvuke alikuja bila kuitwa akashika pembe mbili, ingawa kitambaa kile kilikuwa kidogo, mtoto angeweza kukikunja peke yake.